Nani Alianza Kukaa

Jana asubuhi, binti yangu akiwa anavaa viatu vya shule, aliniuliza: "Mama, kati yangu na Simba, nani alianza kujua kukaa?" Nikamjibu ni Simba, mbwa wetu, akaondoka zake ameridhika. Mimi ndiye niliyebaki na swali.

Enzi hizo tulikuwa bado Malaba, baba watoto yuko kwenye safari zake za Juba. Lori likivuka kutoka upande wa Kenya, analala nyumbani usiku mmoja, kisha Gulu, Elegu, Nimule, na mimi nabaki na kichanga na mbwa wawili waliozoea kumrukia kila anayeingia getini. Mama mkwe alipokuja kunilea baada ya kujifungua, alisema waziwazi: "Mwanangu, mbwa na mtoto mchanga hawakai boma moja. Chagua." Lakini ule ni mji wa mpakani, malori usiku kucha, na Simba na Kali ndio walionipa usingizi. Sikuchagua.

Muda wa kuketi na kuwafundisha haukuwepo. Uliokuwepo ni ule wa maji ya kumwogesha mtoto kuchemka juu ya sigiri, na ule wa uji wangu kupoa. Nikautumia huo. Nilitandika gunia la mkaa kando ya mlango wa jikoni, nikafunga mukene mkavu, vile visamaki vidogo kama dagaa, kwenye pindo la leso. Mbwa akikanyaga gunia kwa miguu yote minne, anapata mukene papo hapo, kabla hajageuza kichwa. Ukichelewa hajui unamtuza kwa lipi. Mmoja kwanza, kisha mwenzake, kisha wote pamoja, na ninaacha kabla hawajachoka. Mara nyingi mtoto alikuwa mgongoni analia, na nilitaka hivyo hasa, wazoee kilio chake wakiwa wanakula kitu kitamu. Chanjo ya kichaa cha mbwa walikuwa nayo. Hilo silifanyii mchezo, maana dalili zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno.

Mtoto akaanza kutambaa. Jioni moja nilikuwa nimewamwagia mbwa posho, yaani ugali, na vichwa vya samaki, mama mkwe anachambua maharage mkekani, mtoto yuko mbele yake. Kugeuka hivi, mtoto yuko kwenye sufuria ya Simba, kiganja kimezama ndani ya posho.

Simba alikakamaa. Mdomo ulibaki palepale juu ya chakula, mkia umesimama tuli, weupe wa macho unaonekana pembeni. Mbwa akiwa hivyo juu ya chakula chake, kinachofuata mara nyingi ni meno. Mimi nilikuwa hatua kadhaa kutoka pale, mwiko mkononi, na kelele zilinijaa kooni. Nikazimeza. Nikasema kwa sauti ileile ya kila siku: "Simba, gunia."

Aliinua kichwa. Posho imemganda puani. Akaitazama sufuria, akamtazama mtoto, ambaye wakati huo alikuwa anajilamba vidole, kisha akanitazama mimi. Akaenda. Aliacha kichwa kizima cha samaki akaenda kuketi kwenye gunia.

Mama mkwe alimnyakua mtoto bila kusema neno. Baadaye alikiokota kile kichwa cha samaki, akampelekea Simba kulekule.

Tangu siku hiyo mbwa walikula nyuma ya nyumba, mlango umefungwa. Baba watoto aliposimuliwa kwa simu alisema Simba amezaliwa na akili. Labda. Mimi naegemea kwenye zile dakika za maji kuchemka, ila siwezi kuapa. Kali alifundishwa kwa mukene uleule na gunia lilelile, na sina hakika kama naye angekiacha chakula. Ndiyo maana mimba ya pili ilipoingia, tulianza upya na wote wawili.