Tangi na pampu: nilivyoboresha mfumo wangu wa nyumbani

Mfumo wa zamani ulikuwa Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu) ndani ya boksi la plastiki, sensa ya HC-SR04, inayopima umbali kwa sauti, kwenye simtanki, na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na bodi, ya kuwashia pampu ya kisima. Ulifanya kazi, ila kujua kiwango cha maji sharti uwe nyumbani. Nilitaka nikione kwenye simu, na pampu ijizime kisima kikikauka.

Nikanunua ESP32, bodi nyingine ya aina hiyo, maana ina waifai ndani yake. HC-SR04 mvuke wa tangi ulishaanza kuila, nikaweka JSN-SR04T isiyoingia maji. Hii haisomi vizuri kitu kilicho karibu chini ya sentimita 25 hivi, kwa hiyo inakaa juu kabisa kwenye kifuniko. Kila sentimita moja sauti huchukua takriban mikrosekunde 58 kwenda na kurudi. Ishara hurudi na volti 5, na pini za ESP32 ni za volti 3.3, hivyo katikati kuna rezista mbili za kuipunguza.

Kwenye pampu, fundi umeme aliitazama rilei yangu akacheka. "Bosi, imeandikwa ampea 10, lakini mota ikianza inavuta mara tano, sita ya kawaida. Hii itaganda." Tukafunga kontakta, swichi nzito ya mota; rilei sasa inawasha koili yake tu, yaani sumaku inayoifunga swichi hiyo.

Taarifa husafiri kwa MQTT, itifaki ya mawasiliano iliyobuniwa 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia satelaiti, hadi kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo, yenye Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani. Pi inatumia diski ya SSD. Kwa umeme wetu huu wa kukatika-katika, kadi ya kumbukumbu haidumu.

Ila kuzima pampu sikuiachia Pi. Waifai ikipotea tangi likiwa linajaa, nani atazima? Uamuzi uko ndani ya ESP32 yenyewe: tangi likijaa, zima; pampu ikizunguka dakika tano bila maji kupanda, zima, kisima kimekauka. Siku ya kufua mapazia, mabomba yote yakiwa wazi, hujizima bure, nami navumilia. Tena kuna swichi ya boya linaloelea tangini, imefungwa kwenye waya wa koili, inakata hata programu ikigoma.

Kinachofuata ni sensa ya SCT-013, ya kupima mkondo wa umeme, kwenye waya wa pampu, nijue inakula uniti ngapi za LUKU kwa wiki.