Kufuli Lilikuwepo

Mwishoni mwa 2019 nilikuwa nafanya kazi kwenye steshenari karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Nchi nzima ilikuwa kwenye foleni za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kila mtu akihangaikia namba asajili laini kwa alama za vidole kabla haijafungwa. Kwetu kazi haikuisha: toa kopi, skani cheti, jaza fomu. Ukutani bosi alikuwa amebandika karatasi yenye herufi kubwa: ANGALIA KUFULI KABLA YA KUWEKA PASWEDI. Yaani ile alama ndogo ya kufuli kando ya anwani ya tovuti.

Mchana mmoja aliingia dada akiwa na simu mkononi. Alikuwa ameshajaza maombi ya kazi serikalini, bado kulipa tu, halafu nimchapishie risiti.

"Ada ya usaili, kaka. Elfu ishirini."

Jina lililotokea kwenye malipo lilikuwa la mtu, si la ofisi. Nikamwambia asiweke kwanza namba ya siri, kwa sababu maombi ya ajira serikalini hayalipiwi. Akanitazama kama ninayemzibia riziki.

"Mbona kufuli lipo?" Akaninyooshea simu, kisha akanyooshea kidole ile karatasi ukutani. Bosi naye, toka kwenye mashine ya kopi: "Si lipo? Mwache dada wa watu alipe."

Lilikuwepo kweli, na hapo ndipo penye ugumu. Kufuli linasema tu kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti yamefichwa, kwa hiyo mtu aliye katikati, tuseme mwenye Wi-Fi ya stendi, hawezi kuyasoma. Aliye upande wa pili ni nani, halisemi. Tangu mwishoni mwa 2015 Let's Encrypt, huduma isiyo ya kibiashara, inatoa vyeti vya kufuli bure kwa yeyote anayethibitisha kwamba anwani fulani iko mikononi mwake. Ni jambo jema, limeziokoa tovuti nyingi ndogo, ila tapeli naye anapanga foleni ile ile. Unaweza kufungiwa mlango vizuri kabisa ukiwa sebuleni kwa mwizi. (Mwaka 2023 Google waliiondoa alama ile kwenye upau wa anwani wa Chrome, maana watu waliendelea kuidhania cheti cha uaminifu.)

Sikumweleza yote hayo, angechoka. Nilimwomba anisomee anwani, aanze na kile kilichotangulia mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, arudi nyuma. Akasoma: com. Kabla yake, tz. Na kati ya "go" na "tz" hapakuwa na nukta, kulikuwa na kistari.

"Ya serikali inaishia .go.tz," nikamwambia. "Hiyo hapewi mtu binafsi. Ya kuishia .com ananunua yeyote mwenye hela."

Akanyamaza, akasoma tena peke yake. Kisha akakaa kwenye benchi.

Hela ilikuwa haijatoka. Kilichonitia wasiwasi ni vile alivyokwisha kujaza: namba ya NIDA, barua pepe, na paswedi ya akaunti mpya. Nikamuuliza kama paswedi hiyo anaitumia kwingine. Akacheka kwa aibu: ni hiyo hiyo kila mahali. Tukaanza na barua pepe, maana anayeishika hiyo anaomba kubadilishiwa nywila za akaunti nyingine zote na ujumbe unamfikia yeye. Baada ya barua pepe tukaenda Facebook. Namba ya NIDA haibadilishwi. Hiyo ilikuwa imeshaondoka.

Tulipoifungua tovuti halali, kwa kuandika anwani wenyewe, tangazo tulilikuta. Nafasi ilikuwepo kweli. Tapeli alikuwa amenakili neno kwa neno, akaongeza mstari wa ada tu, na muda wa kuomba ulikuwa bado haujaisha. Dada akajaza upya, safari hii kwenye kompyuta yetu, mtandao ukikatika na kurudi.

Bosi akamtoza hela ya kuskani vyeti na ya muda aliokaa. Nilibishana naye, akaondoa ya muda.