Laptopu ya kazini ilivyoacha kusuasua nikibadili dirisha

Kila nilipobonyeza Alt na Tab kutoka kwenye jedwali la hesabu kwenda kwenye kivinjari, skrini iliganda. Dalili iliyonisaidia sana: dirisha nililotoka kulitumia lilifunguka papo hapo, lakini lililokaa muda bila kuguswa lilichelewa. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kufungua Task Manager, dirisha linaloonyesha kinachotumia nguvu za kompyuta. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya programu zilizo wazi, GB 4 tu, ilikuwa imejaa, na matumizi ya diski ya kuzunguka yamefika asilimia 100. RAM ikijaa, kompyuta huhamishia diskini programu zilizotulia, kisha huzisoma upya ukizihitaji.

Kuzima programu zinazojiwasha zenyewe kulisaidia kidogo. Fundi wa ofisi akaongeza RAM ya GB 8, na sasa madirisha yanabadilika bila kusita. Kabla ya kununua, angalia laptopu yako inatumia aina gani ya RAM, mfano DDR3 au DDR4, kwa sababu haziingiliani kabisa.