Nyumba yetu inapangwa na siku ya maji

Wengi tumelelewa tukijua usafi wa nyumba ni kazi ya Jumamosi. Unaamka, redio iko juu, viti vinatolewa, kapeti inakung'utwa nje, na jioni nyumba inanukia vizuri hadi Jumanne hivi ndio nguo zinaanza tena kulala kwa sofa. Mimi hiyo siiamini tena, angalau si kwa hizi nyumba zetu za Nairobi za chumba kimoja na sebule, ambapo watu wanne wanakula, wanalala, wanafanya homuweki na bado wanaanika nguo ndani mvua ikinyesha. Nyumba ndogo ikivurugika hakuna mlango wa kufunga ujifanye hujaona. Unaishi nayo hiyo vurugu, unakula ukiiangalia.

Na muda wa kupanga nyumba usiutafute, haupo. Mtu anatoka saa kumi na moja asubuhi ndio ashinde jam ya Jogoo Road na anarudi giza limeingia, saa ngapi sasa aanze kupanga droo? Kilichosaidia hapa kwetu ni kuchukua kazi ndogo na kuifunga kwa kitu ambacho tayari tunakifanya, ama kitu kinachokuja chenyewe tupende tusipende. Na kwa hii city kitu cha kwanza kinachokuja chenyewe, tena kwa ratiba yake, ni maji.

Maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, mengine Sasumua na Ruiru, na watu wameongezeka kushinda hayo maji, ndio maana tunaishi kwa mgao na kila mtaa una siku zake. Sisi tuko Umoja. Siku zetu tunazijua, na hizo ndizo zimekuwa siku za kila kazi inayotaka maji, sio Jumamosi, sio Jumapili. Maji yakija katikati ya wiki basi kazi ni katikati ya wiki.

Kazi yenyewe inaanza usiku wa kuamkia siku ya maji. Dramu ikiwa imebaki maji kidogo chini, tunayamwaga kwa ndoo, alafu tunasugua dramu ndani kwa brashi, hasa ule mstari wa juu mahali maji hufikia. Hapo usiparuke. Kuna mbu wanaitwa Aedes, wale wenye madoa meupe miguuni, hutaga mayai kwa ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na hayo mayai yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja ujaze tena, kwa hivyo kumwaga tu na kujaza haitoshi, lazima usugue. Na kifuniko kirudi kila mara mtu akichota, hata kama anarudi kuchota tena dakika mbili baadaye.

Maji yakifika, ya kunywa na kupikia ndio ya kwanza. Mitungi yetu yote ni ile ya manjano ya lita 20 na inafanana, kwa hivyo ya kunywa tumeifunga kitambaa chekundu kwa mkono na hakuna mtu anaruhusiwa kuichovya kikombe. Dramu inafuata, beseni za kufulia zinafuata. Nguo zinakuwa zimeshatenganishwa jana yake, nyeupe huku, za shule huku, mifuko imekaguliwa, sababu karatasi moja ya tishu kwa mfuko wa suruali inaharibu beseni nzima. Kama una mama fua, mpange aje siku ya maji na umwachie kila kitu kikiwa hivyo, sabuni iko hapa, pegi ziko hapa. Mtu anayeinama siku nzima kufua nguo za watu wengine hafai kuanza kwa kuzunguka nyumba akitafuta soksi chini ya kitanda.

Alafu yale maji hayamwagwi. Ya kwanza yenye povu na uchafu mwingi yanaenda ndoo ya choo. Ya kusuza mara ya mwisho, hayo bado ni masafi na yana harufu ya sabuni, ndiyo ya kupiga deki. Kwa hivyo nguo zikiisha kuanikwa huko juu ya ploti, sakafu nayo imedekiwa, choo kimesafishwa na ndoo ya kumwagia iko imejaa, na hakuna mahali umejiambia sasa naenda kufanya usafi. Kazi imevuta kazi. Hii ndio ninaipenda sana kuliko zote na nikiwa na uwezo ningeifundisha kila kijana anayehamia bedsita yake ya kwanza kabla hata hajanunua TV.

Kitu cha pili ni mlango. Angalia nyumba yako saa moja jioni uone vurugu inaanzia wapi, karibu kila mara ni zile hatua chache za kuingia. Viatu, begi la shule, mwamvuli, funguo, koti, karatasi ya mama mboga yenye nyanya na dhania, vyote vinatua mahali mkono umechoka. Kuambia watu waache kutupa vitu haisaidii. Wape mahali pa kutupa hapo hapo mlangoni. Sisi tulitengenezewa na fundi wa Kamukunji ubao mrefu wenye vyuma vya kutundikia, na hizi kuta za ploti ni simiti ngumu, msumari unapinda ama plasta inaanguka, kwa hivyo itisha fundi mwenye drili atie vile viplastiki vya kushika skrubu, la sivyo mabegi yakijaa vitabu ubao utashuka na ukuta. Vyuma viko kwa urefu mbili. Vya chini ni vya watoto, wanafikia bila kuomba msaada, na hiyo ndiyo ilifanya begi litoke sakafuni, sio kelele zangu. Chini ya ubao kuna karai ya viatu. Karai, sio reki ya viatu, sababu kiatu chenye matope ya Aprili ukikiweka kwa karai matope yanabaki kwa karai, na karai unaipeleka nje unaikung'uta.

Kwa huo ubao pia kuna chuma kimoja cha mifuko ya soko. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 kila nyumba ina rundo la ile mifuko ya kitambaa, umenunua moja kila ukisahau nyingine. Ukishatoa mboga, kunja mfuko utundike mlangoni. Inayozidi chuma kimoja toa, gawa, tumia kuwekea vitunguu, lakini isirudi chini ya sinki.

Chini ya sinki nako kuna mambo. Mende. Nisikilizeni wenye ploti za ghorofa, unaweza kupiga dawa kila mwezi na jirani naye apige, bado watarudi kama usiku unawaachia maji. Mende anaweza kukaa wiki kadhaa bila chakula lakini bila maji hadumu hivyo, kwa hivyo tabia kubwa ya usiku jikoni si kuosha vyombo tu, ni kukausha. Vyombo vikiisha, sinki inapanguswa na kitambaa kikavu, kitambaa kinatundikwa kikauke, beseni la vyombo linageuzwa juu chini. Ni dakika moja. Pia katoni za supamaketi usiziweke ndani, ile mikunjo ya katoni ndiyo nyumba yao, wanajificha humo na kuzaana humo. Unga, mchele, ndengu, vyote kwa madebe yenye vifuniko. Na sufuria ya maharagwe isilale juu ya meko ikiwa wazi ati nitaiweka kesho.

Vyombo vyenyewe mimi huvifunga kwa ugali. Ukishainjika maji ya ugali una zile dakika za kungoja yachemke, na karibu kila mtu husimama hapo na simu. Hizo ndizo dakika za kuosha vikombe vya chai vya asubuhi, kibao cha kukatia sukuma na kisu. Maji yakianza kutoa mvuke mwingi na viputo vikubwa, mikono tayari iko safi na inashika mwiko. Watu wakimaliza kula kinachobaki ni sahani na sufuria ya ugali, na hiyo sufuria unaijaza maji mara moja ukoko ulainike. Jaribu hiyo moja tu hii wiki uone vile jikoni ya saa tatu usiku inabadilika.

Stima, nitapita haraka. Tochi ina mahali pamoja, na ni mahali mtu mzima na mtoto wote wanaweza kupata wakipapasa gizani. Kwetu ni pembeni mwa kitanda cha watoto. Ile usiku ya Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na nyumba ambayo tochi iko mahali pake ililala kawaida. Mita nayo iangalie siku ile ile unalipa kitu kingine cha kila wiki, gesi ama taka, usingoje ianze kulia kuwa tokeni zinaisha saa nne usiku pesa haziko kwa simu.

Karatasi ndizo watu hudharau na ndizo zinakuja kuumiza. Serikali ikihamisha watu kutoka bima ya afya ya NHIF kwenda SHA hapo Oktoba 2024, niliona majirani wakipindua magodoro wakitafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nunua faili moja yenye mifuko ya plastiki ndani, sio bahasha nyingi, faili moja. Vyeti vya kuzaliwa, kijitabu cha kliniki, ripoti za shule, mkataba wa nyumba, risiti ya dipoziti, cheti cha PIN ya KRA, kopi za vitambulisho. Risiti ya dipoziti naisema kwa mkazo, siku ya kuhama ndiyo silaha yako. Na karatasi mpya haipiti usiku mmoja nje ya faili, ikiingia nyumbani inaenda moja kwa moja kabla viatu havijatolewa vizuri. Piga kila moja picha pia ujitumie kwa baruapepe, sababu maji yanaweza kuingia na simu inaweza kuibiwa kwa matatu. Faili ikae juu, mbali na dramu na mbali na meko.

Taka: sisi tuna ndoo mbili, ya maganda na mabaki ya chakula na ya vitu vikavu. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe hivyo, lakini hata bila sheria, ndoo ya vikavu haina harufu na inaweza kungoja siku ya gari bila shida, ni ile ya kuoza tu ndiyo inatoka kila jioni. Chupa na makopo kuna vijana hupita wakizikusanya, unawapa zikiwa zimesuzwa.

Sasa kuna jambo linaniuma. Mtu akisoma hizi vitu zote, ni mama wa hiyo nyumba ndiye anasikia ameongezewa kazi. Hapana. Tabia ya nyumba ikibebwa na mtu mmoja hiyo si tabia ya nyumba, ni mzigo wake, na siku akiugua ama akisafiri ushago kwa mazishi kila kitu kinasimama. Kwetu binti yangu wa gredi ya tatu ndiye mkubwa wa karai ya viatu, na anaichukulia kwa uzito kweli, akipata kiatu kimelala nje anaita mwenyewe kwa jina. Kakake mdogo anakagua kama vifuniko vya mitungi vimerudi. Baba yao ana taka za jioni na kusugua dramu, na siku maji yamekatwa ni yeye huongea na watu wa boza, yale malori ya maji, na kubeba mitungi hizo ngazi zote. Mimi nina jikoni na ile faili. Mgeni akikaa siku zaidi ya mbili naye anapewa kitu, hata shangazi, kwa heshima: "Auntie, naomba ukimaliza chai unipanguzie hiyo sinki." Hajawahi kukataa, na sai akija huwa anaenda kukitafuta kitambaa mwenyewe.