Chipu za poka, fomu ya forodha na thamani iliyochapwa

Leo nimetuma nje ya nchi chipu zangu (visahani vidogo vinavyotumika badala ya fedha katika michezo ya kamari kama poka) za kasino iliyokwisha kufungwa, na nataka kumsaidia mkusanyaji yeyote anayejiandaa kufanya hivyo.

Kwenye fomu ya forodha usiandike tu "chipu". Afisa wa forodha anaweza kudhani ni za kompyuta. Mimi niliandika: chipu za poka za udongo, zilizotumika, za mkusanyiko, si fedha. Hayo maneno ya mwisho yana uzito wake, maana chipu iliyochapwa 100 inaweza kumfanya mtu aamini unasafirisha dola mia. Kwenye nafasi ya thamani weka bei halisi ya mauzo, hata kama namba iliyo kwenye chipu ni kubwa au ndogo kuliko hiyo. Mnunuzi akikuomba upunguze bei ili akwepe ushuru, kataa. Mzigo ukipotea, utalipwaje zaidi ya ulichotangaza mwenyewe?

Msimbo wa bidhaa ni 9504.90, kundi la vifaa vya michezo. Kifurushi cha posta cha thamani ndogo hutumia fomu ya forodha ya CN22, cha thamani kubwa CN23. Uzito nao uandike kwa uangalifu: chipu moja ya gramu 10 ni nyepesi mkononi, lakini mia moja ni kilo nzima kabla hujaweka boksi.

Na kabla ya yote, angalia orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku nchi inakokwenda. Kuna nchi zinazozuia vifaa vya kamari, na hapo hakuna maelezo yatakayokuokoa.