Nilivyojifunza kupima magari kwa kompyuta baada ya miaka mingi ya spana

Ufundi wa magari nilijifunzia gereji, Ilala, Dar es Salaam, enzi ambazo gari nyingi zilikuwa za kabureta, kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, na fundi mzuri aliweza kuutambua ubovu kwa kusikiliza tu, kabla hata boneti haijafunguliwa. Magari yaliyotumika kutoka Japani yalipozidi barabarani, hasa Toyota Vitz na IST zenye injini ya 1NZ-FE, kazi ilibadilika: injini hiyo haina kabureta wala distributa ya kugawa umeme wa cheche, kila silinda ina koili yake ya kutoa umeme huo, na kompyuta ndiyo inayoamua kiasi cha mafuta na wakati wa cheche. Wateja walianza kuuliza kama tuna mashine ya kupimia, na waliposikia hatuna, waliondoka.

Nilinunua mashine ndogo inayochomekwa chini ya usukani na kuunganishwa na simu. Kijana niliyekuwa namfundisha kazi, aliyemaliza kidato cha nne, alinisomea maelezo ya Kiingereza, nami nikamwonyesha ndani ya injini kile kilichokuwa kinazungumzwa. IST moja iliyokuwa ikitetemeka inaposimama ilitoa namba ya hitilafu P0171, yaani hewa imezidi mafuta, na mwenye gari alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba ni lazima anunue sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi. Nilipulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye mipira ya hewa, mmoja baada ya mwingine, hadi mlio wa injini ulipobadilika; mpira huo ulikuwa na ufa uliokuwa ukivuta hewa ya ziada, tukaubadilisha, na sensa yake ya zamani ikaendelea kufanya kazi. Mashine hutaja dalili, lakini chanzo chake bado hutafutwa na fundi.

Jambo gumu zaidi lilikuwa malipo, kwa sababu wateja wetu wamezoea kulipia spea na kazi ya mikono, si kulipia kujua tatizo. Nilianza kutoza upimaji peke yake na kumwandikia mteja namba zilizoonekana kabla na baada ya matengenezo, na wengi walikubali walipoona wameepuka kununua spea wasiyoihitaji.

Baadaye niliomba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kupimwa ujuzi nilioupata kazini, nikapata cheti. Sasa zinaingia Toyota Prius, gari zinazotumia petroli pamoja na umeme, ambazo betri yake kuu ina volti zipatazo 200, na katika gereji yangu haruhusiwi mtu kugusa nyaya zake za rangi ya chungwa kabla hajapata mafunzo.