Kona 57 za Chimala na Ukungu wa Kitulo

Niliondoka Chimala, mkoani Mbeya, saa mbili asubuhi, Jumamosi moja ya mwezi Februari, nikiwa na pikipiki ya cc 150, nguo za kubadilisha nilizozifunga ndani ya mfuko wa nailoni, na onyo la kila niliyemuaga kwamba nijihadhari na kona. Kona hizo, zinazopanda ukingo wa mlima kuelekea Matamba, ni 57. Nilizihesabu hadi 31, kisha lori lililosheheni viazi likatokea mbele yangu likishuka huku likipiga honi, na hesabu ikanipotea. Vinginevyo sikuona la kutisha: unapanda kwa gia ya kwanza na ya pili, unakaa upande wako, na ukigeuka unaliona bonde la Usangu limetandazwa chini, majaruba ya mpunga yakimetameta kama vipande vya bati.

Matamba nilinywa chai kwa maandazi huku manyunyu yakianza. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa amejikinga mvua barazani aliichungulia pikipiki yangu, akagusa tairi la mbele.

"Kaka, madigadi hiyo itakukaba huko juu. Ifungue hapa hapa."

Nilimshukuru, na sikuifungua.

Nilikuwa nimeuchagua mwezi huo kwa sababu ya maua. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu na ambao ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600 na una aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi. Msimu wa maua ndio huohuo msimu wa mvua, jambo nililolijua nikiwa nyumbani, ila sikulipa uzito unaostahili. Nilipofika juu, ukungu ulikuwa umeshuka kiasi kwamba taa ya mbele ilinirudishia weupe mtupu. Udongo mweusi wa huko, ukilowa, hunata kama ugali uliopungukiwa unga. Ulijaa taratibu kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likagoma kuzunguka, nami nikaangukia ubavu wa kushoto, kwa bahati nzuri juu ya majani.

Nilipiga magoti nikawa nachokoa tope kwa kijiti. Ilikuwa hapo, hatua moja kutoka barabarani, nilipoliona ua la okidi la rangi ya njano likitiririka maji. Ndilo pekee nililoliona vizuri siku nzima. Spana namba 10 nilikuwa nayo, lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi na kila nilipoishika ilianguka. Mzee mmoja aliyevaa koti zito na gambuti alitokea ukunguni akiwa na mzigo wa kuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na mvua hii unakwenda wapi?"

"Isyonje, mzee."

Aliutua mzigo, akaniagiza niweke viganja karibu na injini wakati ikiwa bado ina joto, akaichukua spana na kufungua nati nne kana kwamba yuko uani kwake. Madigadi niliifunga nyuma kwa mpira. Kabla hatujaagana alinielekeza namna ya kwenda: nisihangaike kuitazama barabara, bali nisikilize tairi, kwa kuwa likianza kusugua majani nitakuwa nimetoka njiani. Nilizima redio ya simu iliyokuwa ikiimba mfukoni, nikaenda kwa masikio kwa muda wa saa mbili hivi, gia ya kwanza, miguu yote miwili ikiburuza chini.

Nilishuka Isyonje karibu saa kumi na mbili jioni na kuikuta lami. Mama mmoja muuza chai aliniwekea kikombe mezani, akasubiri nivue helmeti. Vidole vilishindwa na kifungo cha kamba. Alinitazama kidogo, akafuta mikono kwenye kanga, akaja kunifungulia.